Sura ya Sita: Anza Chini ya Sakafu

Ukitoka Ruiru kwenda Thika unaipita mizani ya Juja. Dereva wa lori la mawe huiwaza tangu jiwe la kwanza linapopakiwa. Mwenye gari-nyumba huipita akifikiria rangi ya mapazia. Lori likizidi uzito, mwenyewe ataandikiwa faini na kuambiwa apunguze mzigo. Gari-nyumba likizidi, hakuna wa kulisimamisha. Adhabu yake huja kwa awamu: tairi inapasuka katika jua la saa nane karibu na Mtito Andei, bushi zinakwisha kabla ya wakati, breki zinanuka kwenye mteremko wa kuingia Isiolo, na dereva anafika Marsabit akiwa hawezi kunyoosha mgongo.

Kwa hiyo tuanzie chini. Najua wengi wanaosoma sura hii wameshachagua friji, na wengine wameshailipia. Iacheni kwenye katoni yake kwanza. Starehe ya safari ndefu haitoki kwenye kabati wala godoro. Inatoka kwenye springi, tairi, breki na namna mzigo ulivyogawanywa, na hivyo vyote viko mahali ambapo mgeni akija kulitazama gari lako hatapaona.

Mahali pa kufanyia kazi hiyo si lazima pawe mbali. Thika imejenga magari kwa nusu karne. Kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers kilianzishwa mwaka 1974 kikiitwa Leyland Kenya, kikabadilishwa jina mwaka 1989, na tangu wakati huo kimeunganisha malori, mabasi na magari madogo ya kampuni nyingi. Volkswagen walirudi hapo mwaka 2016 na Polo Vivo. Mwaka 2024 BasiGo wakafungua humo laini ya kuunganisha mabasi ya umeme. Nje ya ua wa kiwanda, kuanzia Thika hadi Ruiru na kuendelea kuelekea Nairobi, kuna gereji za watu ambao elimu yao ni matatu na malori. Hao ndio walimu wetu. HiAce nyingi zilizobeba abiria nchini zilishuka Mombasa zikiwa magari ya mizigo, ubavu mtupu bila dirisha. Fundi wa hapa akakata bati, akatia vioo, akafunga viti 14. Kugeuza gari la mizigo likae watu ni kazi ya kila siku kwao. Tofauti ni kwamba wewe unataka watu wawili, kitanda na sufuria.

Na kuna jambo la sheria lililowafunza mafundi hao zaidi ya shule yoyote. Kanuni za matatu za mwaka 2004, zile za waziri Michuki, ziliwalazimisha wafunge mikanda na vidhibiti mwendo, na baadaye kiwango cha KS 372 cha shirika la viwango, KEBS, kikaeleza bodi ya gari la abiria ijengwe vipi. Gari-nyumba la binafsi si matatu. Lakini fundi aliyezoea kiti kikaguliwe kama kimefungwa kwenye chuma au kwenye bati tupu ni mtu unayetaka afunge kabati lako la kilo 60 linaloning'inia juu ya kichwa cha mtoto. Mwulize swali hilo siku ya kwanza: hiki kitafungwa kwenye nini? Akijibu kwa skrubu za mbao, mshukuru, uende gereji inayofuata.

Sasa uzito. Lita 1 ya maji ni kilo 1, hesabu isiyohitaji mtaalamu, na bado watu hufunga matangi mawili ya lita 100 kisha wakashangaa gari limekuwa zito mlimani. Ubao mmoja wa plaiwudi wa milimita 18, ule wa futi 8 kwa 4, hukaribia au hupita kilo 30; wa MDF wa unene huo hukaribia 40, na ukilowa huvimba na kusambaratika, jambo ambalo seremala wa fanicha za nyumbani hana sababu ya kulifikiria. Tumia plaiwudi ya milimita 9 kwa milango na kuta za ndani, uache ile nene kwa sakafu ya kitanda tu. Betri mbili za asidi za ampea-saa 100 zina kilo 50 na kitu. Ongeza dizeli, watu, mtungi wa gesi, jeki, tairi ya spea, chupa za maji ya kunywa, na yule jamaa anayekuja na viti vya kukunja na jiko la makaa "kwa sababu nafasi ipo". Nafasi na uzito ni vitu viwili tofauti.

Soma ubavu wa tairi. Namba ya mzigo 106, ambayo huonekana sana kwenye tairi za HiAce za saizi ya 195R15, maana yake ni kilo 950 kwa tairi moja. Ekseli ya nyuma yenye tairi mbili basi haipaswi kupita kilo 1,900, na hiyo ni kwa tairi mpya yenye upepo kamili. Njia pekee ya kujua uko wapi ni kupima. Mizani ya serikali kazi yake ni kukamata waliozidisha. Wewe tafuta mizani ya kulipia, ya kiwanda au ya wanunuzi wa chuma chakavu. Nenda ukiwa umepakia kila kitu, matangi yakiwa yamejaa na abiria wakiwa ndani. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, kisha gari zima. Mara nyingi tatizo halitakuwa jumla, litakuwa nyuma. Tangi la maji limefungwa baada ya ekseli ya nyuma kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, juu yake baiskeli, juu ya baiskeli spea. Mzigo uliopita ekseli ya nyuma huinua pua, usukani unakuwa mwepesi, na gari linayumba kila basi linapolipita. Tangi likae kati ya ekseli mbili, chini kadiri inavyowezekana. Kwa hilo sina mjadala.

Hapo ndipo tunapofika kwenye springi, na hapo ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ndilo kosa ninaloliona likirudiwa na mafundi wazuri kabisa. Gari likilala nyuma, dawa ya matatu ni moja: ongeza kipande cha springi. Dawa hiyo ni sahihi kwa matatu. Asubuhi limebeba watu 14 na magunia, saa tano linarudi na watu watatu; fundi anataka lisilale likijaa, na abiria watatu wa saa tano watavumilia kurushwarushwa. Gari-nyumba halipunguzi mzigo kamwe. Kitanda hakishuki Kenol. Uzito wake ni uleule Januari hadi Desemba, isipokuwa maji na mafuta. Kwa hiyo huhitaji springi ya kuvumilia mzigo mkubwa wa mara moja moja. Unahitaji springi iliyopangwa kwa uzito ule mmoja uliouona kwenye karatasi ya mizani. Peleka karatasi hiyo kwa fundi wa springi. Mwenye ujuzi atakunja upya vipande vilivyochoka, atabadilisha kile kilichopasuka, na akiongeza kipande atachagua chembamba na kirefu badala ya kile kifupi na kinene kinachofanya nyuma igonge kama mkokoteni. Bushi za springi zibadilishwe wakati huohuo. Gharama yake ni ndogo na mlio wake ukishaanza hukufuata hadi Moyale.

Boliti za U zinazoshika springi kwenye ekseli ziwe mpya, zisirudishwe za zamani zilizovutika. Zikazwe kwa spana ya kipimo, si kwa bomba la urefu wa mkono na nguvu za kijana, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 500 za mwanzo. Vipande vipya hujipanga vikishaanza kufanya kazi, boliti zinalegea. Boliti ikilegea, pini ya katikati hukatika, ekseli inasogea nyuma upande mmoja, na gari linaanza kutembea kimshazari kama kaa. Umeona malori ya namna hiyo barabarani. Hayakuzaliwa hivyo.

Shokabsoba ni kitu kingine. Springi hubeba, shokabsoba hutuliza. Watu hununua shokabsoba kali wakitumaini zitainua gari, na haziinui. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto ndani ya mafuta yake, na kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi madogo yanayofuatana, kazi hiyo haina mapumziko. Mafuta yakichemka huwa mepesi na kutoa povu, na baada ya hapo gari linadunda peke yake. Barabara ya Isiolo hadi Moyale ilikuwa na sifa mbaya ya kuua shokabsoba kabla haijatiwa lami. Leo lami ipo, lakini ukichepuka Laisamis kwenda Ziwa Turkana, kwenye ile barabara ya kilomita 208 iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, au ukaenda Chalbi, utayakuta mawimbi yaleyale. Ukisimama, sogeza mkono karibu na kila shokabsoba bila kuigusa. Zote zinapaswa kuwa moto. Ile iliyopoa wakati wenzake wanawaka haijastarehe, imekufa.

Upepo wa tairi ndio marekebisho ya bei nafuu kuliko yote katika kitabu hiki. Watu wengi hapa hujaza kama matatu, tairi ngumu kama gogo. Kwenye lami, fuata kipimo cha mtengenezaji kwa uzito ulioupima. Kwenye changarawe ndefu, punguza kiasi cha robo na upunguze mwendo pamoja nao, kisha urudishe upepo ukifika lami. Ndiyo maana pampu ndogo ya betri ina thamani kuliko televisheni. Angalia pia umri. Kwenye ubavu kuna namba nne za mwisho za DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari-nyumba huegeshwa miezi mingi juani, kwa hiyo tairi zake huzeeka zikiwa na meno mazuri. Mwenye matatu hapati tatizo hilo. Zake huisha kabla ya kuzeeka. Tairi ya miaka saba yenye meno mapya ndiyo inayopasuka Mtito Andei.

Usije ukapima kazi hii yote kwenye Superhighway. Tangu ilipofunguliwa mwaka 2012 barabara ya Thika imewafanya watu wa huku waamini kwamba magari yao ni mazuri. Gari lolote ni zuri kwenye njia nane za lami, ukiondoa matuta. Zunguka Ol Donyo Sabuk kwenye murram, na matangi yamejaa, uone nini kinalia, nini kinafunguka na nini kinavuja. Kabati litakalofunguka, lifunguke Kilimambogo, nusu saa kutoka kwa seremala.

Baada ya hapo, jaribio la breki liko kaskazini. Thika iko kwenye mita 1,500 na kitu. Barabara ya Kenol, Sagana na Marua inakupandisha hadi Nanyuki ukipita ikweta, kisha Timau, juu zaidi ya hapo. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo usimlaumu fundi wa pampu kwa kila mlima. Kisha unashuka hadi Isiolo, kwenye mita 1,100 hivi, na kushuka huko ndiko kunakoonyesha kama umefanya kazi yako. Gari la tani tatu linaloshushwa kwa kukanyaga breki mfululizo huchemsha mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya huanza kuchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi; yakishanyonya unyevu wa hewani, kiwango hushuka hadi karibu na 155. Mvuke ukiingia kwenye mfumo, pedali inazama bila kushika kitu. Badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili hata kama gari halikutembea. Shuka kwa gia nzito, ileile ambayo ungepandia, na ukatae kabisa ile tabia ya madereva wa malori ya kuweka frii ili kuokoa mafuta.

Bodi inastahili sura yake, lakini nitasema mambo mawili. Kwanza, chesisi ya lori au ya Land Cruiser imetengenezwa ijipinde. Ukiweka juu yake sanduku gumu na kulichomelea kila upande, barabara itapinda chesisi, sanduku litakataa, na kitakachopasuka ni weldi, kisha dirisha, kisha paa litaanza kuvuja. Mafundi wa malori wanalijua hili kitambo: huweka ubao mgumu kati ya chesisi na bodi, wakafunga kwa boliti za U bila kuchomelea. Sanduku la kuishi linahitaji hata zaidi ya hapo, fremu yake ya pili iliyoshikwa kwa nguvu upande mmoja na kwa springi upande mwingine. Pili, mtu asichomelee chochote kwenye gari lako kabla ya kufungua nyaya za betri. Magari ya leo yana kompyuta, na weldi moja ya dakika mbili inaweza kuiunguza. Simama hapo uone waya ukitoka.

Umeme, maji na gesi nitavipitia haraka, kwa kuwa maduka yenyewe yatakueleza zaidi ya unavyohitaji. Huku kwetu jua liko utosini karibu mwaka mzima, kwa hiyo paneli ilazwe juu ya paa; miguu ya kuinamisha iache kwa Wazungu wa Norway. Iinuliwe sentimita chache tu hewa ipite chini, maana joto hupunguza umeme wake. Paneli za wati 200 zikipata saa tano za jua kamili, baada ya hasara zinakupa wati-saa 700 hivi, ambazo zinatosha friji ndogo ya kompresa na taa, na hazitoshi pasi. Betri ya asidi usiitumie zaidi ya nusu. Kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu na betri, si karibu na taa. Gesi ni nzito kuliko hewa, huzama sakafuni. Kabati la mtungi liwe na tundu la chini linalotokea nje, hata kama vumbi litaingia. Litaingia.

Ukiwa na HiAce, kumbuka kwamba umeikalia injini. Saa nane juu yake kutoka Ruiru hadi Mombasa ni joto la kiti, mlio na uchovu. Fungua kifuniko kilicho chini ya kiti, badilisha mpira wake uliokauka, weka karatasi ya alumini yenye pamba ya kuzuia joto, halafu fanya vivyo hivyo kwenye sakafu ya mbele na milango. Ni kazi ya siku moja, na katika mambo yote yanayoonekana kwenye gari hili, ndilo pekee ambalo ningelifanya kabla ya kitanda. Dereva asiyechoka ni kifaa cha usalama.

Karatasi. Ukibadilisha aina ya bodi, injini au rangi, mamlaka ya usafiri, NTSA, lazima waidhinishe na logbook ibadilishwe. Logbook inayosema gari la mizigo wakati ndani kuna vitanda vinne ni zawadi kwa kampuni ya bima siku utakapodai. Mwambie wakala wako wa bima kwa maandishi gari limekuwa nini. Ukivuka kwenda Uganda, Tanzania au Ethiopia, chukua kadi ya njano ya COMESA kabla ya kufika mpakani.

Baada ya hapo kinachobaki ni mazoea. Kila jioni, kabla ya kuwasha jiko, mzunguko mmoja wa gari na tochi: chini ya injini, ndani ya magurudumu, nati za tairi, boliti za springi. Kila servisi, grisi kwenye nipo zote, ikiwemo ile ya propela shafti ambayo husahauliwa kwa sababu haifikiki vizuri. Gari likikaa miezi mitatu uani, liwashwe, lisogezwe, breki zikanyagwe, na tangi la dizeli liachwe likiwa limejaa ili maji yasijikusanye ndani. Kichujio cha maji cha dizeli kimwagwe kila baada ya kujaza mafuta kwenye kituo usichokiamini, na ukivuka Isiolo, hilo ni karibu kila kituo.

Spea chagua kwa kufuata ramani. Sababu moja kubwa ya mafundi wa Thika kupendelea HiAce, Isuzu au Land Cruiser ni kwamba vifaa vyake vinapatikana hadi kwenye miji ambayo haina benki. Gari zuri la Ulaya litasubiri kifurushi kutoka Nairobi, na Nairobi itasubiri Ujerumani. Basi huna haja ya kubeba duka. Beba vile ambavyo ukivikosa gari halitembei hata kidogo: mikanda ya injini, mipira ya radiata na vibano vyake, filta mbili za dizeli, beringi za gurudumu moja na sili zake, fyuzi, waya mita kadhaa, boliti mbili za U na pini moja ya katikati ya springi, kulanti, mafuta ya breki. Vifungie kwenye sanduku la chuma, chini, kati ya ekseli mbili, upande wa abiria ili usifanye kazi ukiwa umewapa mgongo magari yanayopita, na mahali ambapo hutalazimika kutoa godoro ndipo ulifungue.